Vitambaa Vilivyofuliwa Pamoja

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu Pilipili,

Pokea salamu za wote wa hapa. Sisi wazima, ukiacha mgongo wangu ambao siku hizi una akili zake: asubuhi unakataa kuinama, mchana unakataa kunyooka. Mama hajambo. Anakula vizuri na anagombana vizuri, na juzi amemtimua nesi wa zahanati kwa kumwambia apunguze chumvi. Wifi yako anakusalimu, watoto wanamuulizia shangazi yao. Wapwa zangu wanasemaje? Na shemeji, bado anasukuma vitanda vya wagonjwa kwa ule mwendo wa kumtisha mgonjwa apone?

Nyumba ya Mama imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Tofali napanga mwenyewe, simwachii mtu. Mafundi wenzangu wanasema natafuta sifa, na ni kweli natafuta. Mungu akijalia, Agosti tutakuwa tumepaua, ukoo wote utakusanyika, na wewe ndiye utakayemshika Mama mkono kumwingiza ndani. Amesema mwenyewe hamtaki mwingine.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Simu tuliafikiana ni ya salamu na misiba, maana mambo mazito tukiyazungumza kwa simu lazima mmoja amkatie mwenzake, na mara ya mwisho ulikuwa wewe. Uchaguzi ni Mei. Mimi katibu wa tawi la chama cha Ngazi hapa bondeni, na Ngazi ilivyotutendea unajua. Wewe mwenyewe ulivushwa mto mgongoni mwangu ukienda shule, leo kuna daraja. Mama alikuwa anatembea kutwa kutafuta dawa ya presha, leo zahanati iko pale nyuma ya soko.

Kwenye kikao wakubwa wa chama waliuliza habari za ninyi wanawake wa bondeni mnaofua hospitalini. Wamesikia umoja wa wafanyakazi umewavuta kwa Kikombe, chama cha wapinzani wetu. Nikasimama. Nikasema wale ni damu yetu na dada yangu ndiye wanayemsikiliza, kura zao zetu, naweka kichwa changu rehani. Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Kwa hiyo nakutumia kwa dereva wa basi furushi la vitambaa vya kichwa, vyekundu, rangi ya Ngazi. Wagawie wenzako. Usiniangushe.

Ni mimi kaka yako,
Mwashi


Mjini, 27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yangu, umwambie nesi yuko sahihi kuhusu chumvi, halafu ukimbie. Huku wote wazima. Wapwa zako wanakua kwa kasi hata suruali zinawashinda. Shemeji yako anasema mwendo wake haujatisha mgonjwa yeyote ila mmoja, na huyo alipona.

Lenta! Nilisoma pale mara mbili. Nakuona juu ya jukwaa na kamba yako na pima maji, ukifumba jicho moja na kumfokea kila anayepita chini. Hakuna nyumba uliyojenga ikapinda, nasema hivyo kwa kila mtu hapa, hata wasiouliza.

Furushi nimelipata. Vitambaa vizuri, vizito. Ila, kaka, wiki hiyohiyo umoja wa wafanyakazi umetugawia vitambaa vingine, vya njano, vya Kikombe. Sasa nina vichwa viwili na shingo moja.

Nikueleze, maana kikaoni ulisema kwa niaba yangu bila kuniuliza. Sisi hapa ni vibarua. Mtu akiugua wiki, akirudi anakuta mwingine kwenye mashine yake. Mwenzetu mmoja amejifungua juzijuzi, mtoto mzuri wa kike, na nafasi imekwenda. Kikombe kinasema kitatupa ajira ya kudumu. Ngazi haijatamka neno. Hapohapo dawa ya Mama inatoka kwenye zahanati ya Ngazi, na mimi daraja lile nalijua kuliko wakubwa wako, kwa sababu nilikuwa mgongoni mwako wakati halipo na nilikuwa naogopa.

Kwa wakwe zangu, ambao ni Kikombe tangu baba yao, mimi naitwa mtu wa Ngazi na chai napewa ya mwisho. Kwenu naitwa damu yetu. Huku kazini kila upande unatuita wetu, na kila upande tukipita unashusha sauti. Wote wanatuhesabu, hakuna anayetuuliza.

Mkubwa wetu hapa si mimi, ni mama mmoja wa bondeni pia, wa upande wa juu karibu na kinu. Tunamwita Pasi kwa sababu hakosi kumnyoosha mtu. Ana njia yake ya kazi. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Unashika ncha zako, mwenzako anashika zake, mnalivuta liwe bapa, halafu mnasogeleana mpaka vidole vinakutana. Ukivuta bila kumtazama mwenzako linamponyoka. Watu wakigombana hapa, Pasi hawasuluhishi. Anawaweka kwenye mashuka, huyu huku na huyu kule, na kabla kikapu hakijajaa utasikia mmoja ameuliza habari za nyumbani.

Basi Pasi amesema wagombea wote wawili wa jimbo letu, la mji na bonde, waje wakunje mashuka na sisi. Tumewaalika. Mpaka hapo siwezi kukuahidi kitu. Usiniwekee kichwa chako rehani, kinatosha tu pale kilipo.

Ni mimi,
Pilipili


Nyumbani, 19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Nyumba inaendelea.

Barua yako nimeisoma nimesimama na nimeimaliza nimekaa. Nilikuomba ugawe vitambaa, umenijibu hadithi ya mashuka. Kikaoni waliniuliza, "Mwashi, vipi wale wa mjini?" Nikamumunya maneno kama mtu mwenye ndizi mdomoni. Mwenyekiti akacheka. Unajua kuchekwa na mwenyekiti yule, mtu ambaye ukuta wa choo chake nimeujenga mara mbili kwa sababu aling'ang'ania kupanga msingi mwenyewe?

Unataka kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Mtu hawezi kusimama hivyo muda mrefu, nakuambia kama mtu anayefanya kazi juu ya jukwaa. Hao wa Kikombe walikuwa wapi tulipokuwa tunavuka mto? Watakupa ajira, sawa, na sisi je? Sisi si kitu?

Nitasema mara moja. Ukiwapa Kikombe kura yako, Agosti usije. Mama atashikwa mkono na wifi yako. Siwezi kusimama mbele ya watu wa bondeni kufungua nyumba na kila mtu ananong'ona kuhusu dada yangu.

Sina zaidi.

Kaka yako


Mjini, 30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimekawia kuandika. Kila nilipoanza nilianza kwa hasira, nikaacha. Mtoto wa mwisho alipata surua, ameshapona. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako mkubwa amejenga nyumba ya tofali za matope nyuma ya choo na hataki mtu aiguse mpaka "mjomba aipime".

Wagombea walikuja. Nikusimulie hilo, maana natamani ungekuwepo.

Wa kwanza ni wako, mama wa Ngazi, aliyekuwa mwalimu. Kaka, yule mama anajua shuka! Alivua saa, akakunja mikono ya gauni, akasimama na Pasi, wakalivuta mpaka likalia. Pembe kwa pembe. Alizitaja shule za bondeni na walimu wake mpaka yule wa hesabu mwenye kigugumizi. Nilitaka kumkumbatia. Pasi akamuuliza, huku wanasogeleana, "Na sisi vibarua?" Mama akasema, "Tutaliangalia." Na akaangalia shuka, hakumwangalia Pasi.

Wa Kikombe alikuja kesho yake. Mwanamume mrefu, mikono laini, hajawahi kukunja hata leso. Shuka lilimponyoka likaanguka sakafuni. Wapambe wake wakaanza kucheka, akawanyamazisha. Akaliokota akasema, "Hili linarudi kufuliwa, na kosa ni langu." Pasi akamuuliza swali lilelile. Akajibu moja kwa moja: ajira ya kudumu ndani ya mwaka wa kwanza, na likizo ya uzazi, akataja na fungu la bajeti litakalotoka. Halafu nikamuuliza mimi: zahanati ya bondeni mtaiendeleza? Akaniuliza, "Bondeni gani?"

Sasa niambie wewe unayejua kusimama juu ya jukwaa.

Walipoondoka tulibishana mpaka mashine zikamaliza na hakuna aliyesikia. Mmoja analia kwamba akiiacha Ngazi anamzika baba yake mara ya pili. Mwingine anasema baba yake hakuwa kibarua. Pasi ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Kila mtu ataingia mle ndani na akili yake, na akitoka asiulizwe. Atakayeuliza atanikuta mimi." Nilimtazama yule mama, kaka, amesimama kati ya watu wanaotaka kumchana vipande viwili wala hatetemeki, nikaona fahari kutoka bonde moja naye.

Tukabaki na vitambaa. Vyekundu na vya njano vilikuwa vimekaa kwenye kabati, kila mtu anaogopa kuvaa na anaogopa kutovaa. Jumatatu Pasi akasema vimeshika vumbi, akavifua. Vyote kwenye mashine moja, maji ya moto. Vikatoka vyote rangi moja, ya chungwa, kama chungwa lililokaa sana juani. Tulikusanyika tukaduwaa. Mtu aliyezeeka kwenye kazi ya kufua hajui kwamba nyekundu inachuja? Pasi akakitazama kimoja, akakikung'uta, akasema kwa uso mkavu kabisa, "Lo. Nimekosea." Akavianika.

La Agosti nimelisoma. Sitalijibu leo.

Ni mimi,
Pilipili


Mjini, 16 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hukujibu ile ya Aprili. Dereva wa basi ananiapia alikupa mkononi. Mama ni mzima? Mgongo wako?

Tulipiga kura. Tulikwenda pamoja moja kwa moja kutoka kazini, kila mtu na kitambaa chake cha chungwa kichwani. Hutaamini. Mlangoni wakala wa Ngazi alisimama, maana rangi za chama haziruhusiwi kituoni. Wakala wa Kikombe naye akasimama. Kila mmoja akafungua mdomo kulalamika, akamtazama mwenzake, akaufunga. Msimamizi akauliza, "Hii rangi ya chama gani?" Hakuna aliyejua. Pasi akamwambia, "Ya kufulia, mwanangu. Tusogee?" Tukapita na foleni nzima inacheka.

Ndani nilikaa muda mrefu kidogo. Nilimfikiria Mama na dawa zake. Nilimfikiria yule mwenzetu na mtoto wake mchanga na nafasi yake iliyokwenda. Nilikufikiria wewe, maji yakiwa kifuani kwako, ukiniambia nifumbe macho. Halafu nikafanya nilichoona ni haki na nikatoka, na nje kila mmoja wetu alikuwa na macho mekundu kama tumemenya vitunguu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, wala mtu asifikiri tulifanya hivyo kwa woga. Ilikuwa heshima.

Nimesikia bondeni Ngazi imeanguka, kwa kura chache, kwa mara ya kwanza. Pole, kaka. Natoa pole ya kweli, najua ulivyoitumikia. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Pilipili


Mjini, 20 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo, na leo naitoa nimeinamisha kichwa.

Jana wifi alipiga simu ya salamu, na salamu zikawa ndefu. Usimgombeze. Amebeba peke yake miezi yote hii na amechoka.

Amenieleza siku ya kuhesabu. Ulivyokuwa wakala wa Ngazi pale shuleni. Kwamba wakala wa Kikombe wa huko alitoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, na wakati huo karani kwa uchovu akaliweka fungu la kura za Kikombe juu ya mafungu ya Ngazi, na hakuna aliyeona ila wewe. Anasema ulikuwa unajua hesabu imefika wapi. Ulijua fungu lile ndilo ushindi. Na ukasema mbele yao wote, "Fungu hilo si letu. Lirudishe."

Amenieleza na yaliyofuata. Kwamba wamekuvua ukatibu. Kwamba mwenyekiti anazunguka akisema Mwashi ameiuza Ngazi kumfurahisha dada yake wa mjini. Kwamba mafundi wenzako hawakuja kupaua, na mabati unayapandisha mwenyewe kwa mgongo ule, wifi akiwa chini ameshika ngazi.

Na wewe umenyamaza. Miezi yote hii nilidhani umeninunia, kumbe ulikuwa unaniepusha nisijue kwamba unapigwa mawe kwa jina langu.

Kaka, nilikuwa nakusifu kwa kuta zako. Nilikuwa sijui hata nusu. Watu wengi wamesema ukweli pale ambapo ukweli unawafaa. Wewe uliusema ukakuondoa kwenye chama ulichokipenda kuliko chakula, na hakukuwa na hata mtu wa upande wa pili chumbani wa kukushukuru. Nilimsimulia Pasi. Aliacha kukunja, akakaa juu ya kikapu, akasema, "Huyo angekuwa hapa ningemkabidhi ufunguo wa chumba hiki." Hajawahi kusema hivyo juu ya mtu. Na shemeji yako, mtu wa Kikombe wa kuzaliwa, alitoka nje akasimama uani, aliporudi akasema tu, "Mwambie nina mikono miwili."

Sikuandikii nijipendekeze. Barua ya Machi bado ninayo, na nyumba ni yako kuifungua na umtakaye. Sitakuja kama sijaitwa. Ila nilitaka ujue kwamba kuna mahali hapa duniani, kwenye joto na mvuke, ambapo wanawake wanakutaja jina kwa kujivuna, na mimi ndiye ninayejivuna kuliko wote.

Mdogo wako,
Pilipili


Nyumbani, 5 Agosti

Mdogo wangu Pilipili,

Wote wazima. Mgongo umeniacha, naona umehamia kwa wifi yako, maana sasa ndiye anayelalamika.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilipofika pale uliponisifu, nikaruka. Akaniambia, "Umeruka." Ikabidi nirudi nisome, na yeye akajifanya anachambua mchele. Zamani aliponiambia una ulimi wa pilipili alisahau kusema kwamba ulimi huohuo una asali.

Kuna jambo sikukuandikia. Machi, siku nilipomwambia Mama nilichokuambia, hakunigombeza. Alitandika upya kitanda chake kwenye nyumba ya zamani, akasema nyumba mpya inaweza kukaa popo mpaka mtu aliyemtaja aje amshike mkono. Tangu siku hiyo hajakanyaga hata kizingitini. Nimekuwa nikijenga nyumba ya mtu aliyekataa kuiingia, na nilikuwa na kiburi cha kutokusema.

Hilo la fungu la kura sina la kuongeza. Halikuwa letu. Ningelipokea, kila nikivuka daraja lile ningeona haya, na mimi navuka daraja lile kila siku.

Nimejaribu lile la mashuka. Mimi na wifi yako tulichukua shuka jipya la kitanda cha Mama. Nililivuta mara ya kwanza akakaribia kuanguka. "Nitazame mimi, usitazame shuka!" akanipigia kelele. Nikamtazama. Miaka yote hii sikujua ana kovu dogo juu ya nyusi. Tukafika katikati, vidole vikagusana, tukacheka kama wendawazimu. Mwambie Pasi nimemuelewa.

Ile barua ya Machi ichane. Ulimpigia nani kura sikuulizi, leo wala tukiwa wazee. Njoo mwisho wa mwezi, uje na wapwa zangu, mwambie yule mkubwa siku nikija mjini naja na pima maji kuipima nyumba yake. Shemeji aje na mikono yake miwili, bati za upande wa nyuma zinamsubiri. Wengine wa bondeni watakuja au hawatakuja, na wakija watanong'ona, na wewe utapita katikati yao umemshika Mama mkono, na mimi nitakuwa nyuma yenu.

Jambo moja la mwisho. Ile kofia yangu nyekundu ya Ngazi nimeirudisha ofisini kwao, na ya njano sitavaa hata ikiwa mvua ya mawe. Kichwa kimebaki wazi na jua la hapa halina huruma. Muulize Pasi kama kuna kitambaa kimoja kilichobaki cha rangi ile aliyoikosea, uniletee. Kiwe kikubwa, kichwa changu unakijua.

Kaka yako,
Mwashi